Kutu ya Mzee Kondo

Gari la Mzee Kondo lilikuwa zuri kuliko magari yote ya mtaa wetu wa Tandika, na mtu pekee ambaye hakuweza kulisema hilo ni Mzee Kondo mwenyewe.

Hakukatazwa na mtu. Ndivyo alivyolelewa na mama yake, na mama yake alivyolelewa na bibi yake, huko Mbwamaji walikotoka. Kwao mtu hasifii chake. Mtoto mnene anaitwa "haka kagonjwa kangu." Chungu kikijaa samaki, jirani akiuliza, unamwambia leo tunashindia mchicha. Ukisifia chako mbele za watu umekianika juani, na jicho la mtu, kwa maelezo ya Mzee Kondo, linakula vitu haraka kuliko moto wa petroli.

Sasa mtu wa namna hiyo ndo nilimuuzia bima.

Mie naitwa Fakihi, lakini nje ya ofisi jina hilo analitumia mke wangu tu, tena akiwa kakasirika. Mtaani wote wananiita Diploma. Nilisoma diploma ya ugavi miaka miwili, nikaajiriwa stoo kwenye kiwanda cha nguo cha serikali, nikahesabu marobota ya khanga mpaka kiwanda kikauzwa na sie tukaambiwa tumepunguzwa. Neno zuri sana hilo. Ukilisikia unadhani umetoka kupimwa uzito.

Wakati huohuo magari yakawa yanaongezeka. Zamani kuwa na gari ilibidi uwe na kibali na mjomba wizarani. Miaka ile ya tisini na kitu yakaanza kushuka bandarini kama dagaa, kutoka Japani kwa njia ya Dubai, redio bado zinaongea Kijapani. Na bima, ambayo toka utoto wetu ilikuwa na dirisha moja tu la serikali, ikafunguliwa kwa kampuni binafsi. Moja ikajiita Tegemeo la Pwani, ofisi Upanga, ikawa inatafuta mawakala wenye elimu na viatu. Elimu ninayo. Viatu nikaazima kwa shemeji.

Kuuza bima Temeke ni kazi ya kutukanwa kwa upole.

"Yaani Diploma, nikulipe ili nipate ajali?"

"Hapana, unalipa ili ukipata ajali..."

"Mie siombi ajali."

"Hakuna anayeiomba."

"Haya, nisipopata? Hela yangu inarudi?"

"Hairudi."

"Unaona! Hata mganga akishindwa anarudishaga kuku."

Wengi walikataga bima ndogo, ile ya lazima, inayomlipa yule utakayemgonga na wewe inakuacha na mkono shavuni. Hata hiyo waliikata kwa ajili ya trafiki. Stika ikishabandikwa kwenye kioo, mtu kaona dini imetimia.

Mzee Kondo alitaka bima kubwa. Alifanya kazi bandarini miaka ishirini na nane, juu ya winchi, na alipopunguzwa naye akapewa kiinua mgongo. Wenzake walijenga vibanda, wawili waliongeza wake. Yeye akanunua Toyota Cresta nyeupe, akaifanya gari la bibi harusi. Kuanzia Keko mpaka Mbagala, harusi ikiwa na heshima zake bibi harusi ataingia ukumbini kutoka kwenye Cresta ile, maua kwenye boneti, utepe mpaka kwenye bampa la nyuma. Ndo lilikuwa shamba lake. Ndo lililomlisha yeye, Bi Naima mkewe, na wajukuu wanne walioachwa na marehemu binti yao. Gari likilala siku mbili, jiko la Bi Naima nalo linalala.

Nilipomtajia bei ya bima kubwa ilibidi akae chini.

"Kwa mwaka?"

"Kwa mwaka."

"Diploma, hiyo siyo bima. Hiyo ni mke wa pili."

"Lakini mke huyu akikuona umeumia anakutengeneza."

Akacheka, akakubali. Tukaijazia fomu palepale barazani kwa Twaha kinyozi, mahali ambapo mtaa mzima hujikusanya kunyoa ndevu na kutafuna habari za wengine. Twaha alikuwa na wembe mkononi. Mzee Mwinshehe alikuwa kwenye drafti, anacheza peke yake na anajiibia. Na ng'ambo ya barabara, kama kawaida, Bi Somoe alikuwa kwenye kigoda chake anakaanga vitumbua.

Huyu Bi Somoe, mjane, mwenye ulimi na kanga safi, ndiye hasa ambaye Mzee Kondo alikuwa akimwogopa. Kisa bata. Miaka ya nyuma Bi Somoe alimwona bata wa Mzee Kondo akasema, "Alaa, bata huyu kanenepa." Kesho yake bata kafa. Kwamba usiku ule bata alikula sumu ya panya, Mzee Kondo hakuona kama inahusika. Toka siku hiyo akawa anazungumza na Bi Somoe kwa salamu tu, tena akitazama pembeni.

Nikaanza. Jina, nikaandika. Namba ya gari, nikaandika. Thamani sikumuuliza, maana kampuni ilikuwa na jedwali lake: unatafuta aina ya gari na mwaka, unateremsha kidole, bei ndo hiyo.

"Hali ya gari?"

Mzee Kondo akatazama kushoto, kwa Twaha. Akatazama kulia, kwa Mzee Mwinshehe. Akatazama ng'ambo. Bi Somoe alikuwa kaacha kugeuza vitumbua.

"Hali?"

"Hali."

"Andika mkweche."

"Mzee Kondo!"

"Mkweche, bwana! Limeoza lile. Injini inakohoa. Bodi kutu tupu."

"Hii ni fomu ya kampuni, siyo salamu za barazani."

Akaniinamia sikioni. "Unataka niseme nini mbele za watu? Andika nilivyosema. Mwenye gari nani?"

Twaha, ambaye wiki ileile alilipanda gari hilo kwenda kumpeleka dada yake kwa mumewe na akarudi anasimulia kama katoka kwenye ndege, akadakia, "Hata mie namshangaaga anavyoliendesha. Gari lenyewe la kusukuma."

Mbele ya mteja, wakala hana ubavu. Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa stoo: mkweche, kutu, injini inakohoa. Nikajipa moyo kwamba fomu hizi hakuna anayezisoma. Na kweli hawazisomi. Wanazihifadhi tu mpaka siku ya kukulipa, na siku hiyo wanazisoma mpaka nukta.

Ajali ilikuja mwezi wa Shaaban, kwenye zile mvua za El Nino zilizogeuza barabara kuwa mabwawa. Mzee Kondo alikuwa anatoka kuosha gari, peke yake, kasimama kwenye foleni pale Mtoni. Mbele yake lori la mchanga. Lori likarudi nyuma bila kuangalia, likapanda juu ya boneti kama jogoo, kisha likaenda zake. Namba yake ya nyuma ilikuwa tope tupu. Mzee hakuumia, alhamdulillahi. Lakini boneti ilikunjika kama bahasha, rejeta ikapasuka, taa zote mbili zikatoka. Cresta ikabaki na uso wa mtu aliyeng'olewa meno.

"Ndo maana nilikata bima," Mzee Kondo akawaambia watu, kwa utulivu ambao mie wakala wake sikuwa nao.

Tukapeleka ripoti ya polisi. Tukapeleka fomu ya madai na picha, mbele na nyuma. Gari likafunikwa turubai pembeni mwa baraza ya Twaha. Ramadhani ikaingia, ikatoka. Idd ikapita. Harusi za mfungo mosi zikaanza, na waliokuwa wamemwekea Mzee Kondo ahadi wakaja mmoja mmoja, kwa haya, kumwambia wamepata gari kwingine. Bi Naima akaanza kuuza ubuyu mlangoni. Wiki ya nane barua ikaja: "Tunasikitika..."

Kabla ya kuendelea nikaikunja. Barua ikianza kusikitika, kinachofuata hakina haja ya kusomwa.

Tukaenda Upanga. Bwana Burhan, meneja wa madai, ni mtu wa heshima kweli, sauti ya taratibu, miwani kwenye kamba, na chai ya iliki ambayo anakupa kabla ya kukunyima.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, Bwana Burhan. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, tunashukuru. Kunywa chai, mzee. Sasa, sisi tunalipa gari zima lililoharibiwa na ajali. Lakini gari ambalo lilikuwa bovu toka mwanzo, injini inakohoa, siwezi kulinunulia rejeta mpya. Maneno haya si yangu. Ya kwako mwenyewe, haya hapa." Akasoma. Ukimsikia Bwana Burhan, na sauti yake ile ya kusoma wosia, akitamka "mkweche," roho inakuuma.

Mzee Kondo akaweka kikombe chini. "Nikuulize, mwanangu. Ile hela mliyonikata, mlinikata ya mkweche?"

"Bei inafuata jedwali, mzee."

"Na jedwali haliijui kutu?"

"Haliijui."

"Basi na nyie msiijue."

Bwana Burhan akacheka, akacheka kwa dhati, mpaka akafuta miwani. Lakini cheko la meneja wa madai halina sahihi chini yake.

"Yaani siku ya kulipa gari langu zima," Mzee Kondo akaendelea, "siku ya kulipwa ndo linakuwa mkweche?"

"Na hii?" Bwana Burhan akatoa picha ya nyuma ya gari. Kwenye kona ya bampa na chini ya mlango palikuwa na mabaka ya kahawia, mapana, mabaya kabisa. "Hii kutu lori halikuileta. Lori lilikupiga mbele."

Nikamtazama Mzee Kondo. Mzee Kondo akaitazama picha kama mzazi aliyeitwa polisi kumtambua mwanawe.

"Nitafanya hivi kwa heshima yako," Bwana Burhan akasema. "Nitamtuma mkaguzi wangu, Polikarpo, aje aulize majirani. Wakisema gari lilikuwa zima kabla ya ajali, na kutu hii akaielewa, nitalipa. Wakisema vingine nafunga faili. Na wewe Fakihi," akanigeukia, "wewe ni wakala, unakula kamisheni. Ukitia neno lako hapo, ushahidi umekufa. Mdomo wako ukae Upanga."

Njiani Mzee Kondo alikuwa anatabasamu. "Majirani! Yale si majirani, ni ndugu zangu. Kesho nitawaambia."

"Waambie leo."

"Niwaambie nini, Diploma? Nizunguke nyumba kwa nyumba nasema jamani gari langu zuri, lisifieni? Kesho. Nitatafuta namna ya kulisema."

Kesho yake saa tatu asubuhi, mzee bado anaitafuta namna, Polikarpo akafika.

Kijana wa Mbinga, mtaratibu, kachapa tai, kiatu kinang'aa, begi la ngozi, na daftari. Daftari ndo lililoharibu. Mwaka ule Temeke nzima, mtu wa tai na daftari anayeuliza gari hili la nani alikuwa na maana moja tu: kodi.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba," tukasema, wembe wa Twaha ukiwa umesimama kwenye shavu la mtu.

"Namuulizia Bwana Kondo. Nasikia ana Cresta nyeupe."

"Cresta?" Twaha akashangaa kwelikweli. "Hapa Tandika?"

"Nadhani ni ile pale." Ilikuwa hatua kumi, chini ya turubai.

"Aaah, ile! Mie siku zote najuaga ni banda la kuku."

Polikarpo akaandika. Nikakohoa. Nikamkonyeza Twaha. Twaha naye akanikonyeza, akaona nampongeza, akaongeza moto: "Halina injini lile, braza. Wajukuu wanachezea humo."

"Mzee, na wewe unalijua?"

Mzee Mwinshehe akanyanyua kichwa kwenye drafti. "Kijana, kiuno changu hiki unachokiona kimeharibika kwa kusukuma gari lile. Halijawahi kuwaka. Toka limekuja."

"Hata kwa harusi? Nimeambiwa linabeba maharusi."

"Harusi gani? Maharusi wa hapa wanatembea kwa miguu. Ndo mila yetu."

Nikakohoa mpaka mteja wa Twaha akanipa pole. Ningeweza kusema neno moja tu, "bima," mambo yakaisha, lakini Bwana Burhan alikuwa kanifunga mdomo na kamisheni yangu ilikuwa ndani ya mdomo huohuo. Nikapiga mguu chini. Nikafanya ishara ya kuendesha usukani na kidole gumba juu. Twaha akaelewa. "Tena usukani nao," akamwambia Polikarpo kwa huzuni, "umeng'oka."

Hapo Mzee Kondo akatoka nyumbani kwake, na msuli na fulana, kasikia sauti. Akaona tai. Akaona daftari. Akaona nyuso za ndugu zake zimejaa upendo na uongo, akaelewa yote kwa mara moja. Akashika ukuta.

"Bwana Kondo? Mie Polikarpo, natoka..." Likapita gari la maji linapiga honi, jina la kampuni likamezwa na kelele. "Mzee, nataka nisikie kwako. Majirani wote wamesema gari lilikuwa bovu toka zamani. Na wewe unasema hivyohivyo? Gari lilikuwa zima au halikuwa zima?"

Barabara nzima ikageuka kumtazama. Bi Naima kasimama mlangoni na ubuyu wake. Ilikuwa neno moja tu. Zima. Nilimwona Mzee Kondo analivuta kutoka tumboni, linapanda, linafika kooni. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akatazama ng'ambo.

"Lilikuwa..." akasema. "Lilikuwa linajikongoja."

Bi Naima akajifunika uso na upande wa kanga.

Polikarpo akafunga kalamu. Alionekana ana huruma, lakini huruma nayo haina sehemu yake kwenye fomu. Akaanza kufunga begi, kisha, kwa ule utaratibu wake wa Mbinga wa kutoruka hata mstari mmoja, akauliza, "Na yule mama wa vitumbua, sijamuuliza."

"Yule mwache," Mzee Kondo akasema haraka. "Mie na yeye hatuivi."

Lakini Bi Somoe alishasimama. Akafuta mikono kwenye kanga, akavuka barabara polepole, na mwiko wake mkononi, akaja mpaka mbele ya Polikarpo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hawa wamekwambia gari hili mkweche?"

"Wote."

"Na yeye mwenyewe?"

"Na yeye."

Bi Somoe akamgeukia Mzee Kondo. "Mzee Kondo, humwogopi Mungu? Mie nimelitamani gari hili miaka miwili. Miwili! Nalala nalo, naamka nalo. Leo mbele ya mgeni mniambie muda wote huo nilikuwa natamani mkweche? Mnanionaje nyie? Mie sina macho?"

Twaha akautazama wembe wake.

"Andika, baba," akamwambia Polikarpo, na mwiko ukawa fimbo ya mwalimu. "Injini yake ukiwasha huisikii. Mie nikiwa nakaanga nayasikia mafuta yangu, gari siisikii. Tairi kanunua nne mpya mwezi wa Rajabu, kaziingiza magharibi watu wako msikitini."

"Sema mashallah!" Mzee Kondo akanong'ona.

"Siti kazivika kava jekundu la kutoka Dubai, lina nyuzi za dhahabu pembeni. Taa ya ndani ukifungua mlango inawaka, ukifunga inafifia taratibu, haizimiki ghafla kama za wenzangu na mie."

"Mashallah, Bi Somoe, sema mashallah!"

"Mashallah nitaisema mwisho, niache nimalize! Kila alfajiri analifuta na kitambaa cha pamba, halafu analinyunyizia vumbi kidogo. Kwa mkono! Namwona. Mie ndo naamka wa kwanza mtaa huu, naloweka mchele, na yeye anadhani nimelala."

Polikarpo alikuwa anaandika mpaka jasho linamtoka. Kisha akasimama. "Lakini mama, kutu. Nimeiona kwenye picha. Bampa la nyuma na chini ya mlango."

Bi Somoe akacheka kicheko kirefu, kicheko alichokitunza miaka miwili akikosa pa kukitumia.

"Kutu! Ile ni rangi, baba. Kaipaka mwenyewe na brashi ya ndevu, wiki lilipokuja gari, ili mie nione kutu. Ni rangi ileile ya mlango wa choo chake. Siku za harusi anaificha na utepe."

Tukatazamana kama siku ile walipotusomea kiwandani majina ya waliopunguzwa.

Polikarpo akaenda kwenye gari, akafunua turubai kwa nyuma, akapiga goti na suruali yake ya kupigwa pasi. Akatoa sarafu mfukoni. Akakwangua. Kahawia ikatoka kama ganda la yai, na chini yake chuma cheupe, kizima, kinang'aa kama siku kilipotoka Japani. Akakwangua chini ya mlango. Hivyohivyo. Halafu akamtazama Mzee Kondo, kwa adabu sana, akasema, "Mzee, naomba nikauone mlango wa choo."

Tulikwenda wote. Polikarpo akaweka kipande cha ile kutu kwenye mlango, rangi zikashikana kama mtu na nduguye. Akapiga picha. Nadhani ndo faili pekee la bima ya gari nchini lenye picha ya mlango wa choo.

Wakati anafunga kamera Twaha akamsogelea. "Samahani braza. Wewe ni wa kodi, si ndiyo?"

"Mie ni wa bima. Nimekuja kuona kama mzee alipwe."

Twaha akajishika kichwa, wembe nao ukiwa humohumo mkononi. "Sasa si ungesema! Gari lile bwana linaruka! Mie nimelipanda mpaka Ilala!"

"Kiuno changu kizima kabisa," Mzee Mwinshehe akasema. "Nilikuwa naumwa jino."

Polikarpo akakuna kidevu. "Wazee wawili wamenidanganya, mwenyewe kanidanganya, gari lenyewe limenidanganya. Mama mmoja kasema kweli. Niandikeje?"

"Andika sie ni majirani wazuri," Twaha akasema.

Na nimeliona faili kwa macho yangu: mstari huo kauandika.

Kampuni ililipa. Sitasema ililipa mara moja, maana nataka mniamini na mengine. Ilichukua wiki saba zaidi, ikakata ile sehemu ya kwanza ambayo mwenye gari anabebaga mwenyewe, na taa za mbele ikampa za mtumba, moja nyeupe, moja ya njano kidogo, kwa hiyo Cresta ikawa inatazama watu kama inawadharau. Lakini ikapona. Mfungo tatu ikabeba bibi harusi wa kwanza. Ubuyu wa Bi Naima ukaisha mlangoni.

Na asubuhi moja nilimwona Mzee Kondo kalisimamisha gari mbele ya jiko la Bi Somoe, kafungua mlango wa nyuma, anatazama pembeni. "Nasikia unakwenda Kariakoo kununua mchele," akasema kwa ukuta. Bi Somoe akavaa kanga mpya. Alikwenda na kurudi ameketi nyuma katikati, mikono mapajani, kama mtu anayepelekwa ukumbini, na aliposhuka akaugusa mlango akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mashallah." Gari likawaka na halikufa.

Mwaka wa bima ukaisha, nikarudi na fomu mpya. Bei ilikuwa imepanda. Kampuni ilisema ni kwa sababu ya ajali.

"Lori linigonge, mie ndo nipandishiwe?"

"Ndo utaratibu, mzee."

"Mke wa pili huyu kaanza kudai cheni," akasema, lakini akalipa. Tukakaa palepale barazani kwa Twaha. Jina, namba, nikafika mahali penyewe.

"Hali ya gari?"

Mzee Kondo akatazama kushoto. Akatazama kulia. Nikaishika kalamu kwa nguvu. Akafungua mdomo, akaufunga, akajifuta jasho. Kisha akanyoosha mkono ng'ambo ya barabara.

"Mwite yule aseme."

Bi Somoe akaja, akaketi, akakohoa, akaanza. Aliimaliza nafasi ya kwenye fomu akiwa bado kwenye tairi. Ikabidi niombe karatasi kwa mjukuu mmoja wa mzee, nikaunganisha na pini. Muda wote huo Mzee Kondo alikuwa kasimama nyuma ya mlango wa Twaha, kaziba masikio, midomo inasoma Kul-audhu ya kujikinga na jicho.

"Umemaliza, Bi Somoe?" nikamuuliza. "Kwa hiyo kutu niandike hakuna?"

"Kutu andika ipo," akasema, akijinyanyua kurudi kwenye vitumbua vyake. "Kaipaka upya juzi."